Sifa za Nyuma ya Jalada

Basi la kwenda chuo kikuu, hapa Minneapolis, lilikuwa ndiyo kwanza limeondoka mwanamke aliyekaa mbele yangu alipomgeukia mzee wa pembeni yake. "Samahani, wewe si Brandvold, yule mshairi anayehakiki vitabu gazetini?"

Mzee akaweka skafu yake sawa, kama wafanyavyo watu wakitambuliwa. "Ndimi."

"Mimi Denise Okerlund. Jumapili ulikichinja kitabu changu."

"Pole, dada. Kazi ni kazi."

"Mashairi yangu yaache. Uliandika kwamba aliyekisifu nyuma ya jalada hajakisoma, tena hana haya."

"Na narudia. Washairi wa nchi hii tunasifiana kama wakwe."

Denise akakitoa kitabu mkobani, akakigeuza. Mzee akavaa miwani, akasoma zile sifa, akasoma jina chini yake, kisha akarudia, nadhani akitumaini jina litabadilika.

"Hili jina langu."

"Uliniletea sifa siku ile ile niliyokuandikia kukuomba."

"Mwezi ule niliombwa na watu wengi. Ungekuwa wewe, ungesoma vitabu vyote?"

"Ningesoma changu."

Mimi nikausukuma muswada wangu wa mashairi chini ya kiti. Nilikuwa nimepanga kumwomba Brandvold sifa mchana huo.

Tukavuka mto. Basi liliposimama, mzee alikohoa. "Nina diwani mpya, inatoka mwakani. Sijui kama ungeweza kuniandikia maneno mawili matatu..."

"Nitakusifu sana," Denise akasema akishuka. "Ila usiniletee kitabu. Nikikisoma sitaweza."