Gari la Wilfred Garbett (1947–2023)

Zamani mtu wa Cradley Heath, mji wetu wa viwanda hapa Uingereza, aliona haya kununua kitu anachoweza kukiunda mwenyewe. Siku hizi anaona haya kukutwa na grisi kwenye kucha.

Marehemu Wilfred Garbett alizaliwa hapa mjini tarehe 14 Machi 1947, mtoto wa kwanza wa Enoch, mfua minyororo, na mkewe Hilda. Alisoma hapa hapa hadi Julai 1962, akatoka bila cheti. Mengine yote alijifunza kwa vitabu vya kuazima.

Alikuwa mkerezaji vyuma katika kiwanda cha minyororo hadi kilipofungwa mwaka 1983. Ilipokuwa karakana yao, leo watu huegesha magari wasiyojua hata boneti inafunguliwaje. Baadaye alitengeneza mabasi, akastaafu mwaka 2012.

Tarehe 5 Juni 1971 alimwoa Noreen Tibbetts. Fungate walikwenda Barmouth, pwani ya Wales, kwa basi, na mvua haikukatika. Ndani ya basi hilo Wilfred aliahidi kumrudisha Noreen pale siku moja, kwa gari atakaloliunda kwa mikono yake.

Kazi aliianza majira ya baridi ya 2013, gerejini kwake. Fremu na bodi aliagiza kwa vipande; injini na gia alivitoa kwenye gari kuukuu la mdogo wake, Reuben. Kiti alikiunda kwa desturi ya wanaojiundia magari nyumbani: povu linalovimba humiminwa kwenye mfuko wa taka, na mwenye gari huukalia mpaka povu ligande kwa umbo lake.

“Umetulia kama keki kwenye sufuria, mzee,” Noreen alimwambia. “Usisahau kuumuka.”

“Cheka tu. Hiki hakimtoshi mtu mwingine.”

Reuben alimshauri akifunge kwa boliti, kiweze kutolewa. Wilfred alikibandika kwa gundi.

Mkaguzi alilipitisha gari Mei 2016. Kila kiangazi Noreen aliulizia Barmouth, na kila kiangazi Wilfred alikuwa bado anarekebisha kabureta. Mwaka 2021 alipatikana na ugonjwa wa kutetemeka, Parkinson, akarudisha leseni. Noreen alijaribu kuliendesha yeye, lakini alizama kwenye kile kiti na miguu yake haikuzifikia pedali. Gari likafunikwa turubai.

Agosti 2023, kikombe kikiwa hakishikiki tena mikononi mwake, Wilfred alimwita Reuben.

“Kata kiti.”

“Kaka, nikikikata hakirudi.”

“Na mimi je, narudi? Kata, bwana, kabla sijabadili mawazo.”

Reuben alikikata kwa msumeno, pande kwa pande. Kisha Noreen, mama wa miaka sabini na nne, akakalishwa juu ya mfuko wa taka. Alisema povu lina joto kuliko kitanda chake.

Wilfred alifariki usingizini tarehe 4 Septemba 2023, Barmouth, kwenye nyumba ya wageni inayotazama bahari. Ameacha mjane, Noreen, binti, Gillian, wajukuu, Ewan na Tamsin, na mdogo wake, Reuben. Mikono yake na ipumzike sasa, imefanya kazi ya kutosha.

Reuben alimwona kwa mara ya mwisho asubuhi ya Ijumaa, tarehe 1 Septemba, mbele ya nyumba. Gari halina paa, na manyunyu yalikuwa yameanza. Wilfred alikuwa upande wa abiria, kofia imefungwa kidevuni kwa skafu ya mkewe. Noreen akakwaruza gia.

“Klachi, mama, klachi! Utaniulia gia!”

“Abiria, kimya.”

Wilfred akacheka mpaka akakohoa. Akainua mkono kumuaga ndugu yake, na gari likakata kona kwenye duka la samaki na chipsi, likielekea baharini.