Bi Mwanatatu na Uduvi wa Hori la Jomvu

Tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya miaka thelathini na minne ya kazi, Bi Mwanatatu Mwinyihaji atavua aproni yake ya mpira na kuagana na kituo chetu kidogo cha utafiti wa hori, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, hapa Jomvu Kuu. Nimeombwa niandike wasifu wake, mimi Kyalo, dereva wa boti ya kituo, na ninakiri kwamba upweke umeniingia kabla hajatoka langoni.

Aliajiriwa kama mpishi. Kila akitumbua samaki wa mchana, hakutupa tumbo kabla ya kulipasua na kutazama samaki alikula nini. Hivyo ndivyo alivyofunzwa na nyanyake, kwani kwao tumbo la samaki wa leo ndilo lililowaonyesha wavuvi chambo cha kesho. Dakta Elkana, mkuu wetu wakati huo, alimkuta jikoni amepanga mafungu kwenye sinia: kaa huku, uduvi kule. Wiki iliyofuata Bi Mwanatatu alikuwa maabarani, na sisi tukapikiwa na mtu mwingine. Hilo la chakula hatujamsamehe Dakta hadi leo.

Tangu hapo, kila bamvua la mwezi mwandamo, maji yanapojaa na kupwa kupita siku zote, amepasua chewa ishirini kutoka kona ileile ya hori na kuandika kilichomo. Hata harusini hakupumzika. Mpwa wake Samiha alipoolewa Frere Town, Bi Mwanatatu aliona wapishi wakitupa matumbo ya chewa wa hori letu, akayaokoa ndani ya mkebe wa halua. Mkebe ukachanganyika na zawadi, ukafunguliwa na mama wa bwana harusi mbele ya wageni. Ndoa ilisalimika, na matumbo yakafika Jomvu yakahesabiwa.

Vitabu vyake vya mwanzo vimejaa uduvi, vile vijikamba vidogo kama punje za mchele. Kisha zikaja mvua za Elnino, tope la mto likafukia mizizi ya mikoko, na mikoko mingi ikafa imesimama. Miaka ya ukame maji yakazidi joto na chumvi. Majani ya kuoza yalipopungua, uduvi ukakosa chakula. Uduvi ulipopungua, chewa wakageukia vijikaa, wakaanza kudumaa. Wataalamu walikuja na michoro mirefu kutueleza haya. Bi Mwanatatu aliwasikiliza kwa adabu, akawaletea chai na daftari la miaka kumi iliyopita, ambamo alikwisha kuyaandika yote.

Uduvi wa mwisho aliuandika Machi 2019. Tangu hapo ameutamani waziwazi. Husimulia majamvi ya uduvi ulioanikwa, harufu yake ikijaa vichochoro vyote, na uduvi wa nazi wa mamake. Alitaka kitu kimoja tu: auandike tena, hata mmoja, kabla ya kustaafu. Nasi tulimtakia hivyo, pengine kupita kiasi.

Bamvua lake la mwisho, chewa kumi na tisa hawakuwa na uduvi tumboni. Katika wa ishirini, Lynnette, binti aliyemfunza na atakayerithi meza yake, akaona kitu cheupe chini ya lenzi. Tulipiga makofi. Mimi nilishatoa simu nipige picha. Bi Mwanatatu akainama, akatazama kwa muda mrefu. Angenyamaza tu, sote tungetia sahihi kwamba ni uduvi.

"Ni mguu wa kaa, mwanangu," akasema. "Andika sufuri."

Akafuta lenzi, akanawa mikono, akalia kidogo. Nasi tulilia.

Asante, Bi Mwanatatu, kwa kila tumbo na kwa sufuri ile. Mungu akujalie afya, wajukuu watiifu na usingizi usiokatizwa na bamvua. Na siku uduvi ukirudi, inshallah, hatutaandika kitu kitabuni. Tutauleta kwa karai hadi mlangoni kwako, uutazame wewe kwanza.