Ukurasa wa Pili wa Celestine Nakhumicha

Ulikuwepo, msikilizaji. Usizime redio, sijamaliza na wewe. Jumapili ya kwanza ya mwezi barua ya misheni ilisomwa, ukapiga makofi, ukatazama saa, ukawaza chapati za nyumbani. Najua kwa sababu nilikaa nyuma yako. Na mimi nilipiga makofi.

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Celestine Nakhumicha, mwalimu, mke wa Pasta Owuor, mama wa Jerry na Akoth. Alifariki mwezi wa sita huko kusini mwa Chad, akiwa na miaka arubaini na mmoja. Alizikwa huko huko. Tangazo la kanisa lilisema alifariki ghafla. Mimi hilo neno "ghafla" silikubali, na kabla hatujamaliza utajua kwa nini.

Celestine alizaliwa hapa Nakuru, kwenye landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli. Kaka yake Makhanu, fundi wa pikipiki, anamkumbuka akifundisha kuku. "Anawapanga mstari, anaita majina," ananiambia. "Ukimcheka, na wewe unaingizwa darasa."

Baadaye alifundisha watoto wa chekechea Mau Narok, gamboti miguuni kwa ajili ya matope, na Owuor ndiye alikuwa pasta wa huko. Wakaoana. Miaka saba iliyopita kanisa letu likawaita mbele, watu mia nne tukawanyoshea mikono ya baraka, tukawatuma Chad. Tukawapa na zawadi. Blanketi. Tulikuwa tunawapeleka kwenye joto la kuivisha yai mchangani, na tukawapa blanketi zito la baridi ya Molo. Mathe mmoja kando yangu akasema, "Chad si ni joto tu kama la Lodwar." Hakuna aliyeuliza zaidi.

Na sitasema ilikuwa shida tupu, maana yeye mwenyewe hangekubali. Wanawake kumi na wawili walijifunza kusoma chini ya paa lake la nyasi. Jirani Mwislamu alimletea uji wa mtama kila akiugua. Jerry alishika lugha ya pale kuliko wazazi wake, akawa mkalimani wa mama. Celestine alimwambia Makhanu kwa simu, "Nahubiri dakika kumi, huyu anasema maneno matatu. Namuuliza, Jerry, mbona fupi? Ananiambia, Mama, nimewatolea maganda."

Tulicheka. Sasa ngoja nikueleze ni nani mwingine alikuwa anatoa maganda.

Kanisa letu lina utaratibu. Mmisionari haandikii washirika moja kwa moja. Anaandika kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ni sifa, wa pili ni maombi. Anapiga picha, anatuma kwa kamati, kamati inachapisha. Wa kwanza unasomwa madhabahuni. Wa pili unabaki na kamati, ati waombe. Nasema tena: sifa kwetu, maombi kwa kamati. Na sote tulijua hivyo. Hatukuona shida.

Celestine alipokufa, Makhanu alienda ofisini kuomba barua za dada yake, aandike wasifu wa ibada ya kumbukumbu. Karani Waithera akampa faili. Kurasa za kwanza zilikuwa zimekunjika, zina alama za vidole. Za pili zilikuwa safi, zimeshikana vile zilivyotoka kwenye mashine.

Makhanu alinisomea ya mwezi wa kwanza. "Homa imerudi mara ya tatu. Naomba kanisa lituite nyumbani nitibiwe. Nangoja neno lenu." Ya mwezi wa pili, nangoja neno lenu. Ya tatu. Ya nne. Ya tano, mwandiko si wake tena, ni wa Jerry.

Miezi mitano. Hiyo ndiyo "ghafla" yao.

Utauliza mbona hakumwambia kaka yake. Alimwambia kwamba anaugua. Akamalizia, "Usijali, kanisa linajua." Makhanu akatulia kwa sababu kanisa linajua. Sisi tukatulia kwa sababu barua zilikuwa nzuri.

Nilimwendea mwenyekiti wa kamati, Mzee Muiruri. Akanikaribisha chai.

"Ndugu yangu," akasema, "ukisomea watu magonjwa, nani atajitolea kwenda tena?"

"Mzee, kamati iliomba?"

"Tuliwaombea wamisionari wote."

"Ukurasa wa pili mliusoma?"

Akakoroga chai ambayo haikuwa na sukari. "Wewe na hiyo redio yako," akasema.

Sikunywa hiyo chai.

Makhanu sasa anauza pikipiki yake apeleke nauli ya Owuor na watoto. Owuor amekataa. "Shemeji, asante," alimwambia. "Lakini nilinyoshewa mikono na watu mia nne. Sitatoroka. Wao ndio waseme nirudi." Unaweza kumwita mkaidi. Mimi naona anatuamini kuliko tunavyostahili.

Jumatano alituma barua mpya. Makhanu alimweleza habari ya kurasa, basi safari hii ameandika ukurasa mmoja tu, maombi juu kabisa: Akoth ana homa, tuiteni nyumbani. Jana nikapata karatasi ya ratiba ya Jumapili hii. Ni Jumapili ya kwanza ya mwezi. Pameandikwa: barua ya misheni haipo. Miaka saba haijawahi kukosa. Mimi nakumbuka vitu, wasikilizaji.

Kwa Pasta Owuor, Jerry, Akoth, Makhanu na jamaa wote wa landhi: poleni. Hatuwezi kusema hatukujua, kwa sababu hatukutaka kuuliza. Kila mmoja wetu ajiulize ni ukurasa gani nyumbani kwake anaupenda usomwe, na upi anaufungia.

Lakini kujiuliza kungoje; Jumapili hii kwanza tutende. Ibada ya pili, matangazo yakianza, simama. Huhitaji maikrofoni. Sema: tusomeeni barua ya Owuor, yote, kisha tupige kura hapa hapa waitwe nyumbani. Wakikuambia keti, usiketi. Akoth ana miaka minane, na leo ni siku ya tisa ya homa.