Sakafu Aliyoipandisha Fundi Mteremko

Wasikilizaji wapendwa, karibuni, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka fundi bomba. Ndiyo, fundi bomba. Binti yake mkubwa alituomba, nasi hatukuwa na sababu ya kukataa.

Ametutoka wiki iliyopita, nyumbani kwake, baada ya kuugua kifua. Mtaani walimwita Fundi Mteremko, maana neno hilo halikuisha mdomoni mwake. Ukimwita kuunganisha bomba jipya, la sinki au la bafu, kwanza alifungua mfuniko wa chemba, lile shimo la kukagulia maji machafu. Alipiga magoti, akachungulia, kisha akauliza mteremko uko wapi. Maji, alikuwa akisema, ukiyabembeleza yapande yatakuaibisha mbele ya wageni.

Hata hapa redioni alifika, sinki letu lilipoziba. Alitoa majani ya chai, akayaanika juu ya gazeti mlangoni mwa studio ili tuyaone wenyewe. Tangu siku hiyo chujio halikosekani.

Sasa basi. Fundi huyu aliyegombana na wenzake kila walipochimba chemba fupi, zisizo na kina, chemba ya nyumbani kwake ilikuwa fupi kuliko zote. Aliichimba ujanani, akiwa karibu kuoa. Akakuta jiwe. Harusi nayo ilikuwa mlangoni. Akasema hapa panatosha, akajenga. Maji yakaenda, watoto wakakua. Siri aliijua yeye na mkewe, mshonaji wa sare za shule, ambaye alipenda kumchokoza mbele ya wateja: "Muulizeni habari za jiwe."

Kisha mkewe akapata kiharusi. Miguu ikagoma, akawa wa kiti cha magurudumu. Bafu lilikuwa nje, ng'ambo ya ua, na kila asubuhi ilibidi abebwe. Mama aliyewavisha watoto wa shule nzima, sasa alivuliwa nguo na watu wengine. Alivumilia. Siku moja akamwambia mumewe, na binti yao alikuwepo: "Baba watoto, kulishwa nitalishwa. Lakini kuoga, nataka nioge mwenyewe."

Hilo ndilo lililokuwa ombi lake. Kuoga mwenyewe.

Fundi Mteremko akajenga bafu ubavuni mwa chumba cha kulala, akatoboa mlango kati ya viwili hivyo. Likabaki bomba, nalo halikuwa na pa kwenda isipokuwa kwenye chemba ile ile ya jiwe. Akapima. Akapima tena. Chemba fupi. Ili maji yashuke, sakafu ya bafu ilibidi ipande juu ya sakafu ya chumba kwa shubiri moja. Shubiri moja, wasikilizaji wapendwa. Kwangu mimi na wewe ni kuinua mguu tu. Kwa kiti cha magurudumu ni ukuta.

Fundi mwenzake, rafiki yake wa tangu zamani, anatusimulia kwamba alimkuta ameketi ukingoni mwa chemba, tindo mkononi, machozi yanamtoka. Kulivunja jiwe kungetikisa msingi wa nyumba. Rafiki akashauri kibao cha kupandia, lakini chumba kilikuwa kidogo, kibao kingekuwa na mwinuko mkali na kiti kingerudi nyuma. Basi wamvushe kwa kumbeba, akasema, ni hatua moja tu. Fundi akamjibu: "Hatua moja ya kubebwa ni kubebwa."

Akafanya jambo lililochekesha mtaa mzima. Kama bafu haliwezi kushuka, nyumba itapanda. Alitoa kitanda nje, akajaza kifusi chumba kizima, akamwaga zege juu yake. Akajaza na korido, akaishusha taratibu mpaka mlango wa mbele. Milango akaikata kwa chini. Linta, zile boriti za zege zilizolala juu ya milango, hakuzigusa, kwa kuwa ndizo zilizobeba ukuta na paa.

Ndipo akatoboa ukuta wa chemba, polepole, asiupasue. Bomba jipya akaliingiza likielekea kule maji yanakokwenda, yasije yakagongana. Akaziba kwa saruji pande zote, akalainisha kwa kidole. Ilipokauka akapiga magoti pale shimoni na kusubiri. Ndani, mkewe, peke yake, mlango umefungwa, akamimina kopo la kwanza.

"Yamefika?" akauliza.

Fundi akachungulia shimoni. "Yamefika, mama watoto."

Binti anasema baba alilia tena, safari hii bila kujificha. Na tangu hapo kila siku mama akimaliza kuoga aliuliza vile vile, na baba akaitikia, hata akiwa jikoni na hajaona tone.

Kilichoumia ni kichwa chake. Alikuwa mrefu, na milango sasa ilikuwa mifupi. Alijigonga mwaka nenda, mwaka rudi. Mkewe akisikia kishindo tu, alijua mwenye nyumba karudi.

Siku ya msiba, mama alikaa chumbani. Asubuhi alikuwa ameoga mwenyewe. Watu wakaingia mmoja mmoja kumpa pole: majirani, mafundi, na wale waliocheka pia. Kila aliyefika mlangoni aliinama. Binti akaona mama hatazami nyuso za watu, anatazama mlango. Akamuuliza kama amechoka.

"Sijachoka," mama akasema. "Natazama wanavyomwinamia baba yako."

Mama, binti, na familia nzima, poleni sana. Msiba huu ni wetu pia. Nawe unayenisikiliza, kesho utakapooga mwenyewe, mlango umeufunga, hebu tulia kidogo usikie maji yanavyoshuka. Kuna mtu alipiga magoti kwa ajili hiyo. Mfikirie, na kama yu hai, mwambie.

Fundi Mteremko, pumzika. Yamefika.