Bi Jovita, Aliyezipa Fonksioni Zetu Makao

Tarehe 31 Desemba 2025 Bi Jovita Ntirampeba anastaafu, baada ya kuitumikia ofisi yetu ya takwimu za uvuvi hapa Rumonge, Burundi, kwa miaka kumi na sita na miezi tisa. Aliporudi kutoka Tanzania alianza kwa kupima samaki ufukweni Kigwena, na daftari lake kwapani. Kompyuta alijifunzia hapa hapa ofisini, tena kwa kugombana nayo.

Ripoti zetu zote hutolewa na programu moja. Ndani yake mlikuwa na amri ndogondogo 185, sisi tunaziita fonksioni, kila moja na kazi yake. Ziliandikwa na watu tofauti kwa miaka mingi, na orodha yake ilifuata alfabeti tu. Aliyekwama hakuisoma orodha, alimwendea Bi Jovita. Tuseme ukweli: tuliogopa kwamba siku akiondoka, ripoti nazo zitaondoka naye.

Mwaka 2023 mimi Emery, ninayeandika haya, niliboronga. Nilichukua uzito wa ndagala, yaani dagaa, wakiwa wabichi, nikaupitisha kwenye fonksioni ya kukadiria watabaki kilo ngapi wakishakauka. Fonksioni hiyo na ile ya wabichi zilikuwa jirani kwenye orodha. Ripoti ikaonyesha samaki wa Kigwena wamepungua hata nusu hawafiki, na tayari watu walizungumzia kuwazuia wavuvi kuingia ziwani. Bi Jovita aliitazama tarakimu mara moja tu, akasema, "Emery, hii ndagala umeisha kuianika!" Ofisi nzima ilicheka. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Hakunigombeza. Alisahihisha ripoti kabla ya mkutano, kisha akafungua faili jipya, faharasa, akaanza kuzipanga fonksioni kwa mafungu yanayofuata safari ya samaki: mitumbwi inapofika, mizani, kuanika, soko, ripoti. Tulipomwambia alfabeti inatosha, alijibu, "Kama mutu hawezi kuiona, basi haiko." Wiki hiyo hiyo alipanga na kabati la chai. Hadi leo sukari tunaipata.

Fonksioni kumi na moja zilikosa fungu, kwa kuwa hakuna aliyejua zinafanya nini. Bi Jovita akapanda basi hadi Nyanza-Lac kwa Mzee Karoli, tuliyeamini aliziandika kabla ya kustaafu, akamkuta kwenye michikichi yake. Mzee alizitambua tisa. Mbili alizikana kabisa, nasi tukazifuta. Sasa ukiongeza fonksioni bila kuitafutia mahali kwenye faharasa, programu inagoma.

Mwezi Novemba Bi Jovita aliomba likizo ya wiki mbili, makusudi, wakati wa ripoti ya robo mwaka. Kazi akamwachia Agata, aliyeajiriwa Septemba. Agata alifungua faharasa, akaenda fungu kwa fungu, wabichi kwa wabichi, wakavu kwa wakavu. Hakumuuliza mtu.

Bi Jovita aliporudi aliisoma ripoti hiyo kurasa zote akiwa na kalamu nyekundu mkononi, asipate pa kuitumia. Akaifunika kalamu, akasema amefurahi na ameumia, vyote pamoja.

Nasi leo ndivyo tulivyo. Murakoze cane, asante sana, Bi Jovita. Mungu akupe afya na siku nyingi za utulivu. Tutakukumbuka sana, lakini kazi tutaiweza.