Kidonge cha Moyo

Fundi cherehani alikuwa amefumba macho basini, lakini masikio hayakulala. Kwenye kiti cha mbele yake, mchomeleaji wa mageti alimnong'oneza mama waliyefahamiana naye asubuhi ile kwenye foleni ya kliniki.

"Dada, miaka yote nameza dawa za virusi vya UKIMWI, hata kwenye vipimo havionekani tena. Leo wananiambia moyo! Presha imepanda, nimepewa kidonge kingine. Hiki simezi."

"Kaka, zamani walikuwa wanaangalia kama tutamaliza mwaka. Leo wanauhangaikia moyo wako wa uzeeni. Wameshakuweka kundi la wazee!"

"Mzee nani?" mchomeleaji akaja juu. Fundi nusura acheke.

"Wewe. Virusi hata vikitulia vinauchosha moyo, na presha inazidisha, ndiyo maana ukapewa kidonge. Na sigara uache."

"Sigara tena? Hapo tumekosana!"

Basi likasimama, mama akashuka. Mchomeleaji akachungulia dirishani. "Kidonge nitameza! Ya sigara hatujamaliza!"

Fundi akafumbua macho. Mumewe alikuwa na vidonge vya moyo kama hicho kabatini, hajavigusa. Sasa alijua aanzie wapi kumshawishi avimeze.