Nafuu kwa Nani: Maisha ya Dada Yetu, Afisa Mipango Miji

Marehemu dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Nafuu kwa Nani, alizaliwa tarehe 9 Juni 1957, kifungua mimba wa fundi viatu na mshonaji nguo, katika chumba kimoja cha kupanga. Tulipofika watoto watano, mama alitundika pazia katikati: wazazi huku, sisi kule, na kila jioni vita ya kugombea nafasi. Siku moja dada alichukua utepe wa mama wa kupimia nguo na kipande cha chaki, akagawa sakafu. Hakugawa sawa kwa sawa. Mimi, kitinda mimba, nilipewa eneo kubwa kuliko wote kwa sababu nilikuwa najigeuza mno usingizini. Yeye akajiachia ukanda mwembamba mlangoni, penye baridi. Baba alicheka, akasema, "Huyu atakuja kutugawia mji."

Alianza shule ya msingi mwaka 1964 na kumaliza sekondari mwaka 1975. Hisabati aliipenda. Kushona kulimshinda kabisa, na sketi aliyomshonea bibi, mama aliifumua kimyakimya. Mwaka 1980 alihitimu stashahada ya mipango miji, akaajiriwa na halmashauri ya mji wetu, alikofanya kazi hadi alipostaafu mwaka 2017.

Kazi yake ilikuwa kupanga nyumba za bei nafuu ziwe za aina gani: ngapi za kupanga, ngapi za kununua kidogo kidogo, ngapi za chumba kimoja na ngapi za familia. Mtaa wake wa kwanza aliukosea, na hakuwahi kuficha. Aliweka nyumba za vyumba vitatu peke yake, akiwafikiria watoto waliobanana kama sisi. Tarishi mmoja mstaafu akamfuata ofisini. "Mwanangu, mimi naishi peke yangu. Umenipa uwanja wa mpira, kodi yake nitailipa na nini?" Tangu siku hiyo dada hakupitisha mchoro wowote wenye aina moja tu ya nyumba, na kanuni hiyo ikaingizwa kama kifungu katika sera ya mji.

Wajenzi walimkimbia. Mkandarasi mmoja alileta kikaoni mpango wa nyumba za kuuza tu, akauita mpango wa nafuu. Dada akanyoosha mkono: "Nafuu kwa nani?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na jina likamganda. Mkandarasi huyo leo yuko hapa, safu ya tatu, na saruji ya kaburi hili ametoa yeye. Asante sana, ndugu yetu.

Tarehe 15 Septemba 1984 alifunga ndoa na fundi bomba ambaye kazi yake aliikataa mara mbili kwa sababu bomba lilikuwa linavuja. "Mara ya tatu nililiziba, nikamposa hapohapo," husema shemeji. "Niliona heri nikaguliwe nyumbani." Walijaliwa binti mmoja na mwana mmoja. Waliishi hadi mwisho katika nyumba ya kupanga, kwenye mtaa wa pili aliouchora yeye mwenyewe, mlango kwa mlango na yule tarishi hadi mzee wa watu alipofariki.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2023. Alipolazwa mwezi uliopita, halmashauri ilikuwa inajadili kufuta kile kifungu, ili mitaa mipya yote iwe ya kuuza, na wasioweza kununua wajitafutie pengine. Hilo ndilo lililomnyima usingizi kuliko maradhi. Muuguzi akimuuliza kama amepata nafuu, alijibiwa, "Nafuu kwa nani?" Mimi nilimsihi aachane na kifungu hicho, yeye si mstaafu? Aliniangalia kama vile amenikuta nimevuka mstari wake wa chaki.

Alhamisi tarehe 14 Novemba 2024, binti yake alipiga simu kutoka ukumbi wa halmashauri. Kura zilikuwa zimepigwa, na kifungu kimebaki.

"Za kupanga zimo?" dada akaniuliza.

"Zimo, dada."

"Na za chumba kimoja?"

"Zimo."

"Za familia je?"

"Dada, zote zimo!"

Muuguzi akaingia na swali lake la kila siku. "Mama, leo tumepata nafuu?"

"Leo tumepata, mwanangu," akasema. "Sote."

Alifariki kesho yake asubuhi, shemeji akiwa amemshika mkono. Nilimpenda dada huyu kuliko nilivyowahi kumwambia.

Ameacha mume, watoto wawili, mkwe, wajukuu watatu, wadogo zake wanne, na majirani ambao, nikiwatazama hapa, naona wamejaa kila aina, kama alivyotaka.

Dada, maisha yako yote ulilala mlangoni ili sisi tupate nafasi. Leo lala ndani, kwa amani.